Mota imeungua tena: programu za bure zinazoonyesha kosa mbele ya kununua shaba

Katika mitaa ya Butembo, jimboni Kivu ya Kaskazini, watu wengi wanaijua harufu hiyo bila kufundishwa. Ni harufu ya vernisi iliyochomeka. Inatoka ndani ya nyumba ya mashini ya kusaga, mara nyingi saa ya jioni, wakati akina mama wamepanga mstari na mabasani ya mihogo na mahindi. Mashini inanguruma kwa sauti nzito, inapunguza mwendo, kisha inanyamaza. Mota imeungua.

Kesho yake mota inapandishwa juu ya chukudu na kupelekwa kwa fundi wa bobinaji. Fundi anaifungua, anakata vichwa vya nyuzi, anaweka chuma juu ya moto wa kuni ili vernisi iachilie, kisha anavuta nyuzi zilizoungua moja kwa moja. Anahesabu: mizunguko mingapi katika kila bobini. Anapima unene wa waya kwa palmeri. Anaandika hesabu katika daftari, ao kwa chaki ukutani. Kisha ananunua waya mpya wa shaba na kurudisha kila kitu namna alivyokikuta.

Kazi hiyo ni ya akili na ya mikono, na bila mafundi hao mashini nyingi za kusaga katika inchi yetu zingekuwa vyuma vya kuuza kwa kilo. Lakini kuna shida moja ambayo fundi mwenyewe anaijua vizuri. Kama mota imekwisha kubobinwa mara mbili ao mara tatu, ile hesabu anayoikuta ndani si ya kiwanda tena. Ni hesabu ya fundi aliyemtangulia. Pengine huyo alikosa waya wa unene uliotakiwa akaweka mwembamba zaidi. Pengine mizunguko ilikataa kuingia yote katika mfereji, akaacha kumi. Fundi wa leo anakopi kosa bila kujua, mwenye mashini analipa, na nyuma ya miezi michache harufu ile inarudi.

Sasa, hesabu ya kweli ingepatikana wapi? Kibao cha mota kinaonyesha kilowati, volti, ampere na mwendo. Hakionyeshe mizunguko. Na chuma cha ndani hakisemi kitu kwa macho: sumaku inayopita ndani yake haionekani. Hapo ndipo zinaingia programu za ordinatere ambazo wahandisi wa mota wanazitumia kila siku huko Ulaya, Asia na Marekani, na ambazo baadhi yake ni za bure kabisa.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana bila hiyo programu itakuwa kama picha nzuri tu. Mota ya fazi tatu ya kawaida, yenye poli nne, juu ya umeme wetu unaobadilika mara 50 kwa sekunde, ina uwanja wa sumaku unaozunguka mara 1500 kwa dakika. Mhimili wenyewe unabaki nyuma kidogo, karibu 1450. Nguvu ya sumaku hiyo inapangwa na vitu viwili zaidi: volti unazoipa bobini, na idadi ya mizunguko. Ukipunguza mizunguko huku volti zikibaki zilezile, sumaku inaongezeka. Mtu anaweza kufikiri kwamba hilo ni jambo zuri, mota itakuwa na nguvu zaidi. Hapana, maana chuma kina mwisho wake.

Chuma cha mota ni tole nyembamba zilizopangwa pamoja, na zina meno. Kati ya meno kuna mifereji ya kulaza nyuzi. Wahandisi wanapima wingi wa sumaku katika chuma kwa tesla. Tole za kawaida zinapokea sumaku vizuri mpaka karibu tesla 1.5 ao 1.6. Kupita hapo zinaanza kushiba, sawa vile sifongo iliyojaa maji. Tuseme kiwanda kilipanga meno yafanye kazi kwa tesla 1.6. Fundi akiacha mizunguko kumi kwa kila mia, sumaku inataka kupanda mpaka karibu 1.78. Ni ongezeko la asilimia 11 tu, lakini ndani ya chuma kilichoshiba ongezeko hilo linadai ampere mara kadhaa zaidi kwa ajili ya sehemu hiyo. Mota inakula umeme na kupata joto hata kabla ya kuwekewa kilo moja ya mahindi.

Kosa la waya mwembamba lenyewe ni rahisi kulihesabu. Waya wa milimita 1.0 ukibadilishwa na wa 0.9, jicho halioni tofauti kubwa. Lakini eneo la shaba linapungua kwa asilimia 19, na ukinzani unapanda kwa asilimia 23. Kwa ampere zilezile, joto linalozaliwa ndani ya nyuzi linapanda pia kwa asilimia 23. Wahandisi wana kanuni ya zamani: kila digrii 10 za joto juu ya kipimo zinakata maisha ya vernisi karibu kwa nusu. Kwa hiyo mota ambayo ingedumu miaka kumi inaweza kudumu miaka miwili tu, na hakuna atakayemshitaki waya.

Hesabu hizi mbili zinawezekana kwa kalamu. Shida inaanza pale mtu anapotaka kujua sumaku imejaa wapi hasa: katika meno, mgongoni mwa tole, ao katika rotori? Umbo la mota ni gumu, mifereji si ya mraba, na nafasi ya hewa kati ya statori na rotori katika mota ndogo ni chini ya nusu milimita. Kanuni za sumaku aliziandika James Clerk Maxwell, Mskoti, katika karne ya 19. Lakini kuzitatua kwa kalamu katika umbo la namna hiyo haiwezekani.

Njia iliyofungua mlango ilitoka kwa wahandisi wa ndege na wa majengo. Walikuwa wamejifunza kukata kitu kigumu katika vipande vidogo vidogo, mara nyingi vya pembe tatu, na kuandika hesabu nyepesi kwa kila kipande. Kipande kimoja ni rahisi. Vipande elfu kumi ni kazi ya ordinatere. Mwaka 1970, Peter Silvester wa chuo kikuu cha McGill, huko Montreal nchini Canada, pamoja na mwenzake Chari, walichapisha kazi iliyoonyesha namna ya kutumia njia hiyo kwa sumaku ndani ya chuma kinachoshiba. Hilo la kushiba ndilo lilikuwa gumu, maana kila mara sumaku ikipanda, tabia ya chuma inabadilika na hesabu inabidi irudiliwe.

Tangu hapo makampuni yalizaliwa. Silvester mwenyewe alikuwa kati ya waliounda kampuni ya Infolytica. Huko Grenoble, Ufaransa, watafiti walitengeneza programu ya Flux, ambayo baadaye ilipita mikononi mwa kampuni ya kimarekani Altair mwaka 2016. Ansys wanauza Maxwell, Wajapani wanauza JMAG. Ni vyombo vikali: unaona mota inazunguka juu ya ekrani, unaona joto, unasikia mpaka kelele itakayotoa. Viwanda vya magari ya umeme havithubutu kukata tole moja bila kupita humo. Lakini ruhusa ya kuzitumia inaweza kugharimu maelfu ya dolari kwa mwaka. Kwa fundi wa Butembo ao mwanafunzi wa Bukavu, ni sawa na kutoziongelea.

Basi tuongelee zile za bure.

Ya kwanza inaitwa FEMM. Ilitengenezwa na mhandisi mmoja wa Marekani, David Meeker, ambaye ameendelea kuitoa bila malipo tangu mwisho wa miaka ya 1990. Inafanya kazi katika Windows, ni nyepesi, na haidai ordinatere ya bei. Ile ya mitumba inayotumika kuandika barua inatosha. Haihitaji intaneti ukishaiweka, jambo ambalo kwa sisi si dogo. Mtu anaweza kuipokea kutoka kwa mwenzake kwa kile kidude cha USB, na jioni hiyohiyo akaanza.

Namna ya kuitumia ni hii. Fikiri mota imekatwa kama mkate, na unaangalia uso wa kipande. FEMM inafanya kazi na picha hiyo tu, ya uso mmoja. Unachora duara la inje la statori, duara la ndani, mfereji mmoja na meno yake, kisha unaiambia programu irudie mfereji huo mara 24 ao 36, kadiri mota yako ilivyo. Unachora rotori. Unaandika urefu wa rundo la tole katika milimita. Halafu unaweka jina la kitu katika kila sehemu: hapa hewa, hapa chuma, hapa shaba. Programu ina ghala la vitu vilivyo tayari, pamoja na tole za aina mbalimbali, waya za shaba kwa unene wake, na sumaku za kudumu. Mwisho unaiambia mizunguko mingapi iko katika kila mfereji na ampere ngapi zinapita. Unabonyeza.

Kwa sekunde chache picha inajaa pembe tatu ndogo ndogo, ndogo zaidi pale nafasi inapobana. Ukibonyeza tena, rangi zinatokea na mistari ya sumaku inapita kutoka statori kwenda rotori na kurudi. Rangi kali zinakuonyesha mahali chuma kimebanwa. Unaweka kidole cha ordinatere juu ya jino moja, na programu inakuandikia namba: tesla kadhaa. Kama ni 1.5, umelala salama. Kama ni 1.9, umejua mbele ya kununua hata mita moja ya waya kwamba mizunguko haitoshi.

Kitu ambacho mwandishi wa mistari hii anakipenda zaidi ni kwamba kukosea humo ni bure. Unabadilisha mizunguko 40 kuwa 44, unabonyeza tena, unaangalia. Unajaribu waya mbili nyembamba zikiwa bega kwa bega badala ya mmoja mnene ambao haupatikane sokoni. Hesabu ya eneo inasema kwamba waya mbili za milimita 0.71 zinabeba karibu sawa na moja ya 1.0, na mafundi wengi wanajua hilo kwa mazoea. Kwa wanafunzi wanaopenda kuandika programu, FEMM inasikia lugha ya Lua: mistari michache inaweza kugeuza rotori digrii kwa digrii usiku kucha na kuandika nguvu ya mzunguko kila mara.

Ya pili inatoka upande ambao watu wa Congo wanaujua vizuri, Ubelgiji. Katika chuo kikuu cha Liège, Patrick Dular na Christophe Geuzaine walitengeneza GetDP, inayotatua hesabu hizo. Geuzaine pamoja na Jean-François Remacle, wa chuo kikuu cha Louvain, walitengeneza Gmsh, inayokata umbo katika vipande, hata umbo la pande zote tatu ambalo FEMM haliwezi. Zote mbili ni huru: mtu anaweza kuzitumia, kufungua ndani yake na kuzibadilisha. Ukweli usemwe, ni ngumu zaidi kwa anayeanza, maana unaandika hesabu kwa maneno badala ya kuchora tu. Lakini hao wa Liège na wenzao waliziunganisha katika kitu kinachoitwa Onelab, na Onelab ina hata toleo la telefone. Ndani yake mnakuta mifano ya mota iliyo tayari. Kijana asiye na ordinatere anaweza kubadilisha ampere kwa kidole na kuona rangi zinabadilika mkononi mwake. Si ya kubunia mota nzima. Kwa kuelewa kilichoandikwa ubaoni na mwalimu, inasaidia sana.

Kizuizi kikubwa kilichobaki ni lugha. Kitabu cha maelezo cha FEMM ni cha Kiingereza, na cha Gmsh pia. Maneno yanayotumika si mengi, pengine hamsini, na mwalimu mmoja mwenye moyo angeweza kuyaandika kwa Kifaransa na Kiswahili juu ya karatasi mbili.

Lakini tusiwadanganye wasomaji. Kuna mambo ambayo programu hizi hazitayaona hata ukizibembeleza.

La kwanza ni ule moto wa kuni tuliousema hapo mwanzo. Kila tole ya mota imefunikwa na ngozi nyembamba sana inayozuia umeme kupita kutoka tole moja kwenda nyingine. Moto usiopimwa, ukipita karibu digrii 400, unaharibu ngozi hiyo. Nyuma ya hapo tole zinashikana, umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe, na chuma kinapata joto bila kazi. Katika viwanda vikubwa vya kubobina, mota inawekwa katika tanuru lenye kipimo cha joto. Kwetu inawekwa juu ya makaa, na mara nyingi haraka, kwa sababu mteja amesimama mlangoni. FEMM itachora chuma kizima, cha kiwanda, huku chako kimekwisha kuungua. Fundi anayekata nyuzi upande mmoja na kuzivuta taratibu kwa joto dogo anaokoa kitu ambacho hakuna hesabu itakayokirudisha.

La pili ni umeme wenyewe. Nguvu ya kuzungusha ya mota inafuata volti kwa kujizidisha zenyewe. Volti zikishuka kutoka 380 mpaka 300, saa ya jioni kila nyumba inapowasha, mota haibaki na asilimia 79 ya nguvu yake. Inabaki na karibu 62. Mahindi yaleyale, jiwe lilelile, nguvu kidogo: mota inapunguza mwendo na kuvuta ampere zaidi ili kujikaza. Na fazi moja ikikatika, zile mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote, ampere zikipanda karibu mara 1.7, ikiwa mota haisimame kabisa. Hapo bobinaji nzuri kuliko zote itaungua pia. Dawa yake ni rele ya kupima joto na ya kulinda fazi, kitu kidogo ambacho wenye mashini wengi wanakiona kama matumizi ya bure mpaka siku ya harufu.

La tatu: programu inaamini unachoiambia. Mota ya zamani kutoka Ulaya haina karatasi inayosema tole zake ni za aina gani. Unachagua ile inayokaribia katika ghala, na jibu lako linakuwa la kukaribia pia. Nafasi ya hewa ukiikosea kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, ampere za sumaku zitatoka tofauti kabisa. Ndiyo maana wahandisi wakubwa, pamoja na vyombo vyao vya maelfu ya dolari, bado wanajenga mota moja ya majaribio na kuipima mezani. Kwa fundi, meza hiyo ni nyepesi: kuwasha mota bila mzigo, kupima ampere za kila fazi kwa pense, na kulinganisha na jibu la programu. Kama fazi tatu zinalingana na namba zinakaribiana, mota inaweza kurudi kazini. Kama moja iko mbali na wenzake, pengine kosa liko katika bobini na linatafutwa siku hiyohiyo, mashini ikiwa bado kwa fundi.

Tukisema shaba, ni vigumu kutofikiri Kolwezi na Likasi. Congo ni kati ya inchi zinazotoa shaba nyingi zaidi duniani, na karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa inatoka ardhini mwetu. Shaba iko katika mota nyingi. Kobalti watu wanaijua kwa betri, lakini inaingia pia katika mota za hali ya juu: sumaku za samariamu na kobalti zinazovumilia joto kali, na tole zenye karibu nusu kobalti ambazo zinafika tesla 2.3 mbele ya kushiba. Tole hizo zinatumiwa katika ndege, mahali kila kilo ina bei. Mhandisi anayeamua gramu ngapi za kobalti ziingie katika jenereta ya ndege anaamua akiwa mbele ya programu ya namna hii hii. Mara nyingi hajawahi kuona mgodi. Na waya tunaonunua kwa ajili ya mashini ya kusaga unakuja umeviringwa, umepakwa vernisi, kutoka inje.

Kwa anayetaka kuanza, kazi ya kwanza ni ya rula, siyo ya ordinatere. Siku mota inapofunguliwa, mbele ya kukata chochote, pimeni upana wa ndani wa statori, urefu wa rundo la tole, hesabu ya mifereji, upana wa jino pale linapobana zaidi, unene wa mgongo wa tole, na upana wa rotori. Pigeni picha ya kibao na ya namna bobini zinavyounganishwa. Andikeni mizunguko na waya mliyoikuta, na muandike pia kama vernisi inaonekana kuwa ya kiwanda ao ya mkono. Vipimo hivyo vinasaidia kuanza kuchora mota katika FEMM, na faili lake linatumwa kwa WhatsApp kama picha yoyote. Mota za kusaga zinazouzwa katika masoko yetu si za aina nyingi. Fundi wa Beni akituma ile ya kilowati 11 aliyoipima jana, mwenzake wa Uvira anaweza kuwa nayo mezani leo, ikiwa na nyuzi zake zimekwisha kuungua na hesabu yake imepotea.